Maswali na Majibu: Kozi ya Kwanza ya Astronomia chini ya Anga la Mwanza

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kwamba kozi ya utangulizi ya astronomia, ile ya muhula mmoja ambayo vyuo vingi vya nje huwafundisha wanafunzi wa fani zote na ambayo siku hizi husomwa pia kwa njia ya intaneti, inamfaa sana kijana wa Kanda ya Ziwa. Tangu wakati huo wasomaji wameniandikia kwa wingi, baadhi wakiwa wameshajiandikisha na wengine wakiwa bado wanasitasita. Nimefupisha maswali yao bila kubadili maana, na majina nimeyaacha kwa sababu wengi waliomba hivyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naishi Malimbe. Kidato cha tano na sita nilisoma HGL (historia, jiografia na lugha), na hesabu niliiacha kidato cha nne nikiwa na alama ya D. Nataka kuisoma kozi hii lakini naogopa hesabu. Je, nitaiweza?

Marahaba, mwanangu. Utaiweza, ila usianze bila kujiandaa. Kozi hii ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawatakuwa wanafizikia. Huko Marekani wanaoisoma kwa wingi ni wanafunzi wa biashara, ualimu, sheria na sanaa ambao chuo kinawataka wawe na angalau somo moja la sayansi. Hutakutana na kalkulasi. Utakutana na vipeo vya kumi, kwa kuwa umbali wa kilomita milioni 150 kati ya Dunia na Jua unachosha kuuandika kwa tarakimu zote; utakutana na uwiano; na utakutana na kanuni chache ambazo kila moja inahitaji kikokotoo cha simu na utulivu wa dakika tano.

Chukua kanuni ya tatu ya Johannes Kepler, aliyoichapisha mwaka 1619. Ukihesabu umbali wa Dunia na Jua kuwa ni 1, na muda wa mwaka wetu kuwa ni 1, basi kwa sayari yoyote umbali wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe hulingana na muda wake wa kulizunguka Jua ukizidishwa mara mbili kwa wenyewe. Sayari ya Mshtarii (Jupita) iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko sisi. Zidisha 5.2 kwa 5.2 kwa 5.2, upate 140.6, kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 140.6, nayo ni 11.86. Mshtarii huzunguka Jua mara moja kwa karibu miaka 12. Umeshafanya swali la mtihani, na hakuna hatua hata moja iliyozidi hesabu ya kidato cha pili.

Kanuni nyingine utakayoihitaji mpaka mwisho wa kozi ni ile ya nuru na umbali. Taa mbili zinazofanana zikiwa ziwani, moja ikiwa mbali mara mbili kuliko mwenzake, nuru inayokufikia kutoka kwa ile ya mbali ni robo tu. Ikiwa mbali mara tatu, ni moja ya tisa. Ishike vizuri, kwa maana nitairudia kwenye barua nyingine hapa chini.

Kwa ninavyoona mimi, wanaoanguka katika kozi hii huangushwa na vipimo zaidi kuliko hesabu zenyewe: mtu anachanganya kilomita na miaka ya nuru katika mstari mmoja, au anausoma mwaka wa nuru kama muda ilhali ni umbali, takribani kilomita trilioni 9.5. Wiki mbili kabla ya kuanza, rudia vipeo vya kumi na ubadilishaji wa vipimo, basi.

SWALI: Binti yangu anasema ili asome kozi hii lazima nimnunulie darubini, na ile aliyoiona mtandaoni ina bei inayozidi ada ya mdogo wake. Mzazi, Ilemela.

Hapana, mama, lipa ada ya mdogo wake. Kozi ya kwanza haihitaji darubini ya mwanafunzi mwenyewe, na zile za bei nafuu zinazotangazwa kwa kujisifu kuwa hukuza vitu mara mia kadhaa mara nyingi huwa na miguu inayotikisika na picha yenye ukungu, hata mtoto akakata tamaa siku ya kwanza. Ikiwa siku moja utapata nafasi, darubini ya macho mawili ya kushika mkononi, yenye maandishi 7×50 au 10×50, itamwonyesha mashimo ya Mwezi, nyota nyingi za kundi la Kilimia zisizoonekana kwa macho matupu, na miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Kwa sasa apakue programu ya Stellarium, ambayo kwenye kompyuta ni ya bure, aiwekee Mwanza kuwa mahali pake, na atoke nje kulinganisha. Mwonye jambo moja tu kwa ukali wa mzazi: asielekeze darubini wala macho yake kwenye Jua, hata kwa sekunde moja.

SWALI: Kitabu changu cha kozi kinaniagiza nianze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini, kisha nipime urefu wake juu ya upeo ili nipate latitudo yangu. Nimetazama kaskazini usiku mwingi hapa Butimba na siioni. Kosa langu liko wapi?

Huna kosa lolote, na swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu umefanya kile ambacho wanafunzi wengi hawakifanyi: umekipeleka kitabu nje ukakipima.

Vitabu vingi vya kozi hii vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na latitudo ya digrii 40 kaskazini. Mwanza iko digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Kanuni yenyewe ni ya kweli, kwamba urefu wa ncha ya anga (mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka, na Nyota ya Kaskazini iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini) juu ya upeo hulingana na latitudo ya mtazamaji, lakini kwetu sisi kanuni hiyohiyo inaiweka ncha ya kaskazini digrii 2.5 chini ya upeo, mahali ambapo Dunia yenyewe inaiziba. Ncha ya kusini ndiyo iliyo juu ya upeo wetu, kwa digrii hizo 2.5, nayo haina nyota angavu ya kuitambulisha.

Lakini angalia tulichopewa. Katika nyota zote angavu zinazotajwa katika vitabu, Nyota ya Kaskazini ndiyo pekee usiyoweza kuiona kutoka Mwanza. Nyingine zote hupita juu yetu katika mwaka. Toka nje katikati ya Mei kati ya saa 3 na saa 4 usiku, mahali ambapo taa za mji hazikusumbui: upande wa kaskazini utaona nyota saba za Dubu Mkubwa, na ukigeuka tu kusini utaona Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama, na kushoto kwake nyota mbili angavu, mojawapo ikiwa Alfa Kentauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.4 na ambayo pamoja na mwenzake mdogo Proxima ndio majirani wa karibu kuliko wote baada ya Jua. Mwanafunzi wa New York anayesoma kitabu hichohicho hataiona Alfa Kentauri maisha yake yote akiwa kwao.

Kwa hiyo kila mchoro wa anga katika kitabu uulize kwanza umechorwa kwa latitudo ipi. Kitabu kinaposema Jua la adhuhuri liko kusini daima, wewe andika pembeni kwamba Mwanza liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kinaposema kuna nyota zisizozama kamwe, andika kwamba kwetu karibu nyota zote huchomoza na kuzama, tena huchomoza wima badala ya kupanda kwa mshazari. Kinaposema anga la majira ya baridi, elewa Desemba hadi Februari. Ile nyota ya kaskazini zaidi kati ya tatu zilizojipanga mstari mmoja katikati ya kundi la nyota la Orioni, iitwayo Mintaka, huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Ukiifuata usiku mmoja wa Januari utakuwa na dira ambayo mwandishi wa kitabu hakukutajia.

Wazee wa pwani walilijua anga hili bila vitabu hivyo. Walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kilimia hupotea katika mwanga wa jioni mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zinaishia, na huzuka alfajiri mwezi Juni wakati kiangazi kimeingia. Unaweza kulihakikisha hilo kwa macho yako mwaka huu huu.

SWALI: Sisi wavuvi wa dagaa wa Igombe tunalijua giza na tunaijua mbalamwezi. Kijana wangu aliyeanza kozi hiyo ananiambia Mwezi hupungua kwa sababu unafunikwa na kivuli cha Dunia. Moyo wangu haukubali, ila sina la kumjibu.

Shikamoo, mzee wangu. Moyo wako uko sahihi, na ushahidi unao wewe kuliko yeye.

Mwambie akumbuke siku ya saba ya mwezi mwandamo, pale mnapoandaa nyavu na taa jioni. Jua linazama magharibi, na Mwezi uko juu ya utosi ukiwa nusu. Kivuli cha Dunia siku zote huelekea upande ulio kinyume na Jua, na kwa saa ile upande huo ni mashariki, chini ya upeo. Kivuli kilicho huko kitaufikiaje Mwezi ulio utosini? Hakiwezi. Nusu yenye giza ni giza kwa sababu imelipa Jua kisogo, kama vile nusu ya Dunia ilivyo na usiku wakati wowote. Jua huangaza nusu nzima ya Mwezi kila siku. Kinachobadilika ni sehemu gani ya nusu hiyo tunaiona sisi kadiri Mwezi unavyotuzunguka, na mzunguko mzima kutoka mwandamo hadi mwandamo huchukua siku 29.5.

Na kazi yenu yote imejengwa juu ya jambo hili. Mwezi mpevu uko kinyume na Jua, ndiyo maana huchomoza Jua linapozama na kukaa hadi alfajiri; nuru yake hutapakaa majini usiku kucha, taa zenu zikakosa nguvu ya kuwakusanya dagaa, na mitumbwi ikapumzika. Baada ya hapo huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, giza la mwanzo wa usiku likazidi kurefuka, mpaka Mwezi unafika upande uleule wa Jua na nyinyi mnapata usiku mzima. Kijana wako anayeielezea hali hiyo kwa kivuli cha Dunia hataweza kueleza kwa nini ratiba ya baba yake ni hiyo ilivyo.

Kivuli cha Dunia kweli huufikia Mwezi, lakini hilo ni kupatwa kwa Mwezi, na hutokea tu wakati Mwezi ni mpevu. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 kwa saa za kwetu. Haitokei kila mwezi kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kwa karibu digrii 5 ukilinganisha na njia ya Dunia, na mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Mwambie pia aangalie Mwezi mwandamo wa kwetu. Katika kitabu chake umechorwa umesimama, pembe zikitazama kando. Hapa ziwani huwa umelala chali, pembe zikitazama juu, kwa sababu karibu na ikweta Jua huzama wima na kuuangaza Mwezi kutoka chini yake.

SWALI: Mwalimu, hakuna mtu aliyefika kwenye Jua. Wanajuaje limeundwa na nini? Au ni kukisia? Msomaji, Sengerema.

Ni kupima, ndugu yangu, na kipimo chenyewe unaweza kukionja leo usiku. Chukua CD ya zamani, simama mbali kidogo na taa moja ya umeme chumbani, na uigeuze polepole mpaka uone rangi zimetanuka juu yake. Taa ya kizamani yenye waya unaowaka itakupa rangi zilizoungana bila pengo kutoka nyekundu hadi zambarau. Taa ya mrija au ile ya kubana matumizi itakupa mistari ya rangi iliyotengana, kijani peke yake, rangi ya machungwa peke yake. Gesi iliyomo ndani ya taa ndiyo inayoamua mistari hiyo, na kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine.

Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, aliitanua nuru ya Jua akakuta ndani yake mamia ya mistari myeusi. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba mistari ya namna hiyo ni alama za elementi mahususi. Mwaka 1868 wataalamu waliona katika nuru ya Jua mstari wa manjano ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, wakaipa elementi iliyoutoa jina la heli. Ilipofika 1895 ndipo William Ramsay alipoipata gesi hiyo hapa duniani, ndani ya madini yenye urani. Fikiria jambo hilo: elementi iligunduliwa kwanza kwenye Jua.

Lakini sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi aisome kwa makini ni ya Cecilia Payne. Mwaka 1925, akiwa msichana wa miaka 25 huko Harvard, alithibitisha katika tasnifu yake kwamba nyota zimeundwa kwa sehemu kubwa na haidrojeni, ilhali wakubwa wote wa fani waliamini Jua lina mchanganyiko unaofanana na wa Dunia. Henry Norris Russell, aliyekuwa mtaalamu mwenye sauti kubwa kuliko wote, alimshauri asilisimamie hitimisho hilo, naye akaandika kwamba matokeo yale karibu kwa hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine na kukiri kwamba Payne alitangulia. Leo tunajua kwamba karibu robo tatu ya uzito wa Jua ni haidrojeni, na sehemu kubwa ya inayobaki ni heli. Wale wasichana walioniandikia wakiuliza iwapo fizikia ni ya wavulana, jibu langu kwao ni ukurasa huo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Ukerewe, na muda wangu wa kusoma ni mdogo. Ikiwa nitaielewa mada moja tu vizuri kabisa, iwe ipi?

Iwe umbali, mwalimu mwenzangu. Mada nyingine zote, ukubwa wa nyota, umri wa ulimwengu, mashimo meusi (vitu ambavyo mvuto wake hauruhusu hata nuru kutoka), husimama juu ya swali la jinsi tunavyojua kitu kiko mbali kiasi gani. Ukisoma sura ya umbali bila kuruka, kozi yote itakaa sawa.

Ngazi ya kwanza ni pembe. Dunia ikihama kutoka upande mmoja wa Jua hadi mwingine katika miezi sita, nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Friedrich Bessel aliupima msogeo huo kwa mafanikio mwaka 1838. Njia hiyo hufika mahali ikaishiwa, kwa kuwa kwa nyota za mbali sana pembe huwa ndogo mno. Ngazi ya pili ilijengwa na Henrietta Leavitt, mfanyakazi wa Harvard aliyekuwa akipima mng'ao wa nyota kwenye bamba za picha. Zipo nyota ziitwazo Sefeidi ambazo huongezeka na kupungua nuru kwa mpangilio usiobadilika. Mwaka 1912 Leavitt alionyesha, kwa nyota 25 za aina hiyo, kwamba kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko wa nuru yake, ndivyo ilivyo angavu zaidi kwa asili. Hapo ndipo ile kanuni ya taa mbili inaporudi: ukijua taa ina nguvu kiasi gani kwa asili, na ukapima nuru kidogo inayokufikia, umbali unapatikana kwa hesabu. Katika miaka ya 1923 na 1924 Edwin Hubble alizitambua Sefeidi ndani ya kile kilichoitwa wakati huo wingu la Andromeda, akaonyesha kwamba wingu hilo liko nje kabisa ya Njia Nyeupe, kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, na kwamba lenyewe ni kundi jingine la namna hiyo. Leo umbali wake unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5.

Sasa sikiliza jambo ambalo kitabu hakitakwambia kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili ya Ukerewe. Zile nyota 25 za Leavitt zilikuwa katika Wingu Dogo la Magellan, kundi dogo la nyota lililo jirani na Njia Nyeupe, ambalo Harvard halionekani kamwe. Bamba zake zilipigwa Arequipa, nchini Peru, zikasafirishwa kwa meli. Andromeda nayo, kwa mtu aliye kusini kabisa mwa dunia, iko chini mno au haionekani. Kwako wewe zote mbili hupanda kwa pamoja. Mwishoni mwa Novemba, karibu saa 3 usiku, ikiwa hakuna Mwezi na mvua imeshaosha anga, Andromeda iko kaskazini kwenye urefu wa digrii 46, na Wingu Dogo liko kusini kwenye urefu wa digrii 19. Yote mawili ni vidoa hafifu vinavyoonekana kwa macho matupu mahali penye giza la kutosha, nacho kisiwa chenu kina giza hilo kuliko mji wa Mwanza. Ukisimama ufukweni ukageuza shingo tu, umetazama mwanzo na mwisho wa hoja iliyobadilisha ukubwa wa ulimwengu, na sidhani kama kuna maabara ya chuo inayoweza kuwapa wanafunzi wako zaidi ya hapo.

SWALI: Pluto ni sayari au si sayari? Kidato cha tatu, Nyamagana.

Tangu Agosti 2006, kwa uamuzi wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliofanywa Prague, inahesabiwa kuwa sayari kibete. Kwenye mtihani andika sayari nane.

SWALI: Baada ya kozi hii nitapata kazi gani? Mjomba anayenilipia anataka kujua. Mkolani.

Mweleze mjomba ukweli kwa heshima: kozi moja ya utangulizi haimpi mtu kazi, na nafasi za mwanaastronomia kamili nchini mwetu ni chache. Inachokupa ni mazoea ya kupima, kukadiria, kusoma grafu na kuhoji chanzo cha namba, na hayo yanamfaa mpimaji ardhi, mtu wa takwimu, mwalimu na mchambuzi wa picha za setilaiti. Ukitaka kuendelea mbele zaidi, utahitaji shahada ya fizikia, hisabati au kompyuta, na hapo bara letu lina milango ya kweli. Afrika Kusini ina darubini ya redio ya MeerKAT, yenye masahani 64, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika jangwa la Karoo na ambayo inaingizwa katika SKA, mradi mkubwa wa kimataifa wa darubini za redio. Namibia ina darubini za H.E.S.S., zinazochunguza mionzi ya gama kutoka angani. Kazi kubwa katika mitambo hiyo ni ya kuchakata data, kwa hiyo anayejua kuandika programu za kompyuta anatafutwa kuliko anayejua majina ya nyota.

Mwonyeshe pia mjomba kwamba Afrika Mashariki haiingii katika elimu hii kama mgeni. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Palichaguliwa hapo kwa sababu kituo kilicho karibu na ikweta hukiweka chombo kwa wepesi katika njia inayoizunguka ikweta. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, vilisaidia kukitambua kitu hicho kuwa shimo jeusi. Kiongozi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Katika vitabu vya kozi hii jina hilo la Kiswahili limo mpaka leo.

SWALI: Nianze lini? Mwanza mawingu ni mengi.

Ukiweza kuchagua, anza Juni. Juni hadi Agosti mvua ni chache, na katikati ya Agosti saa 3 usiku kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana angani kwetu, ilhali kwa waandishi wa vitabu hukaa chini karibu na upeo wa kusini. Moshi wa nyasi zinazochomwa hufifisha nyota zilizo chini, basi tazama zilizo juu. Panga usiku wako kwa kalenda ya wavuvi: giza ndilo lako pia. Msimu wa mvua upe kazi ya kusoma, na kumbuka kwamba radi nyingi za ziwani huja usiku wa manane na alfajiri, hivyo saa za mwanzo wa usiku mara nyingi ndizo salama zaidi.

SWALI: Kozi yangu ya intaneti inadai zoezi moja la vitendo, nami sina maabara. Nifanye nini? Buhongwa.

Fanya zoezi la Eratosthenes, aliyeupima mzingo wa Dunia katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwa kulinganisha Jua la Aleksandria na la Syene, ambayo leo ni Aswan. Yeye alihitaji miji miwili iliyo karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Wewe unayo Mwanza na Mbeya: longitudo zake zinatofautiana kwa takribani nusu digrii tu, na latitudo zake kwa digrii 6.4. Tafuta rafiki aliyeko Mbeya.

Tarehe 21 Juni kila mmoja asimamishe fimbo yenye urefu wa mita 1 kamili juu ya sakafu iliyokaguliwa kwa pimamaji, na unyoofu wa fimbo uhakikishwe kwa timazi. Uzi wenye kokoto unatosha. Usifuate saa 6 kamili. Saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya digrii 45, iliyo mashariki mwa nchi nzima, kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Mwanza siku hiyo huwa karibu na saa 6:50 mchana. Anza saa 6:30 na uweke alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano hadi saa 7:10. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho unachokitaka. Utaona ncha yake haina ukingo mkali, ina utando wa kijivu, kwa kuwa Jua lina upana wa nusu digrii angani. Amueni mapema kama mtapima katikati ya utando huo, na nyote wawili mfanye vivyo hivyo.

Kivuli chako kitakuwa na urefu wa karibu sentimita 49, kikielekea kusini, na cha Mbeya karibu sentimita 63. Chora kila fimbo na kivuli chake kwa skeli kwenye karatasi ya grafu, upime pembe ya Jua kwa kipimapembe: takribani digrii 26 kwako na 32 kwa mwenzako. Gawanya kilomita 710, ambazo ni umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo ukipimwa kwenye ramani na si kwa barabara, kwa tofauti ya pembe mliyoipata, kisha zidisha kwa 360. Jibu sahihi ni kilomita 40,000 na kidogo. Msishangae mkikosea kwa elfu mbili au tatu: kosa la sentimita 1 tu katika kivuli cha Mwanza hubadilisha pembe kwa karibu nusu digrii, na jibu kwa takribani kilomita 3,000. Andika makadirio ya kosa lako pembeni mwa jibu, kwa sababu mhadhiri mzuri atatoa alama nyingi hapo kuliko kwenye jibu lenyewe.

Wasomaji wengine walio Mwanza, Mbeya, au mji wowote ulio kati yake wanaweza kulifanya zoezi hili siku hiyohiyo. Nitumieni urefu wa fimbo, urefu wa kivuli na saa mliyopima, nami nitavichapisha vipimo vyote katika safu ya Julai, pamoja na vile vitakavyokuwa mbali na jibu.